Kipimo cha Mdomo

Dakika chache tu tangu akae kwenye benchi la nesi, kinyozi alikuwa amekwisha kumwua baba mkwe wake kwa saratani ya tumbo. Mzee wa watu yuko kwake, mzima wa afya, anasikiliza redio na kugombana na jirani.

"Na mgonjwa mwenyewe amekonda vipi?" nesi aliuliza, vidole juu ya kompyuta.

"Suruali haimkai. Akila vijiko viwili anasema ameshiba." Kinyozi alieleza vizuri, bila kutafuta neno. Mkewe, aliyekaa kando yake, alitazama sakafu.

Msimlaumu. Bango la mlangoni lilikuwa limeeleza kila kitu. Wataalamu walijifungia hotelini wiki nzima, wakalinganisha kipimo cha damu, cha kupuliza na cha kamera inayoshushwa tumboni, wakaona vyote vinakula pesa. Kisichokula pesa ni mdomo. Basi nesi anauliza, kompyuta inajumlisha, na mwenye alama za kutosha anapelekwa kwenye kamera. Asiyezifikisha anashauriwa ale matunda, kwaheri. Ndiyo maana foleni nzima watu walikuwa wanafundishana kuumwa. Bibi mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe alishaanza kuwa na dalili kumzidi mgonjwa.

Kinyozi huyu hospitali humpeleki hata kwa kumfunga kamba. Lakini mkewe alipomwambia juzi kwamba tumbo linamsumbua, alifunga kibanda, akawaacha wateja na ndevu zao. Asubuhi mkewe hakumpa hata chai, akisema watakunywa wakirudi, naye hakuuliza; hofu ilikuwa imemjaa kifuani. Huyu mwanamke ndiye maisha yake, na leo kompyuta isiyomjua wala kumpenda ndiyo ingeamua kama anastahili kuangaliwa. Akirudishwa nyumbani na ushauri wa matunda, kinyozi aliapa, haitakuwa kwa sababu mumewe aliishiwa maneno.

"Maumivu yanaanza wakati gani?" nesi aliuliza.

Mkewe alimeza kipande cha mkate alichokuwa anatafuna. "Muulize baba watoto. Yeye anaeleza vizuri."

"Alfajiri," kinyozi alidakia. "Yanachoma hapa, chini ya kifua. Mtu anainuka, anakaa pembeni ya kitanda, anauma shuka ili asimwamshe mwenzake."

"Sigara?"

"Tangu ujana." Mkewe, ambaye hata moshi wa jirani humkimbiza, hakupinga.

"Kutapika?"

"Mara kwa mara. Bafuni, kwa siri, bomba limefunguliwa ili kelele zisisikike."

Nesi aliacha kuandika, akamtazama. "Haya yote umeyajuaje, baba?"

"Mimi kinyozi, dada. Kwenye kiti changu watu hawafichi kitu."

Moyoni alijipigia makofi. Kwa uongo wa namna hii, aliwaza, wangenipa hata ubunge.

Kompyuta ilitoa mlio. "Alama zimefika, tena zimepita," nesi alisema. "Kamera ni sasa hivi."

Kinyozi alishusha pumzi, machozi yakamlengalenga na wala hakuyaonea haya. Alimshika mkewe mkono. "Nenda, mama watoto. Usiogope, niko hapa hapa."

Mkewe hakuinuka. Alimvua saa, akaitia kwenye mkoba wake, kisha akaitoa simu mfukoni mwa mumewe, nayo akaitia humo.

"Mimi siumwi popote," alisema, sasa akilia. "Lakini hiyo alfajiri unayoisema, na mimi huwa niko macho. Ingia ndani, baba watoto. Tangu mwanzo nesi amekuandika wewe."