Asiyetoka Hakaribishwi

"Nyamaza, Papa Shimwa! Usimsemeshe tena!"

Ladislas aligeuka kutoka kwenye kizimba cha kasuku. "Namkumbusha tu, Maman. Amesahau."

"Nimekwambia usimkumbushe. Toka nje!" mkewe Emerance alisema.

"Niende wapi? Mpaka wa Kongo umefungwa. Kazi yangu iko Bukavu, nyanya zako soko lake Bukavu. Niende wapi?"

"Popote, hadi jioni. Na mimi natoka."

Kasuku akakohoa kikohozi kikavu cha Ladislas, kisha akafoka kwa sauti ya Emerance: "Toka! Toka!"

"Hiyo nayo nilimfundisha mimi?" Ladislas aliuliza.

Zamani walitoka alfajiri wakarudi jioni. Kasuku alishinda peke yake, kimya. Ufunguo ulipozunguka mlangoni, aliruka na kuita: "Karibu Maman! Umeniletea nini?" Mtoto wao Shimwa ndiye aliyemfundisha, alipokuwa bado shule ya msingi. Emerance alikuwa akiingia mbio, kapu likiwa bado kichwani, asikose hata neno.

Sasa walishinda ndani wote wawili, na ndege alishinda akiwasikiliza. Aliiga masufuria, ufagio, ugomvi wao. Alijinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ikaonekana. Ile "Karibu Maman" haikusikika tena. Ndipo Ladislas alipoanza kusimama mbele ya kizimba kila asubuhi, akirudia maneno yale kwa upole, kama anayemfundisha mtoto sala.

"Hawezi kukaribisha, Maman," alisema sasa. "Utamkaribishaje muntu mwenye hakutoka?"

"Basi tutoke!"

Ladislas alimtazama mkewe usoni, akaacha kubisha. Alivaa viatu vya kazi. Emerance akabeba kapu tupu, akafunga mlango kwa ufunguo.

Jirani yao Nzigire alikuwa akifua uani. "Hee, wafanyabiashara! Soko gani hilo, na bariyeri ya mpaka imefungwa? Munaenda kuuzana?"

Walimpita. Walipanda kilima cha Mururu, wakakaa kando ya barabara, wakitazama nyumba za Bukavu ng'ambo ya mto. Watu waliopita waliwasalimia, wao wakaitikia kwa kichwa. Jua lilipoinama, walishuka.

Emerance alizungusha ufunguo polepole. Ndani, mabawa yalipigapiga.

"Karibu Maman! Umeniletea nini?"

"Si unasikia!" Ladislas alipiga makofi, macho yamejaa machozi. "Amekumbuka! Neno kwa neno!"

Emerance alisimama mlangoni, akisubiri. Kasuku alirudia tena, vilevile.

Emerance hakuvua hata viatu. Alikishusha kizimba kutoka juu ya kabati, akavuka nacho ua, akakitia kwenye mikono ya Nzigire, iliyojaa povu la vyombo vya jioni.

"Mchukue. Ni wako."

"Mama weee! Huyu ndege uliyekuwa unakataza hata batoto kumgusa? Na sasa hivi nimemsikia anakukaribisha!"

"Amenikaribisha kwa sauti ya Papa Shimwa," Emerance alisema. "Ya Shimwa mwenyewe imemfuata kaburini."