Njia ya Kwenda Majini

"Nirudishe nyumbani, mwanangu. Bahari haikimbii," alisema baba, akivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Binti hakugeuza kiti cha magurudumu. Tangu kiharusi kimwangushe baba yake, daktari alisisitiza anyooshe mguu kwenye maji ya chumvi, na kila binti akimwambia waende ufukweni mzee hakosi kisingizio. Leo alimdanganya kuwa wanakwenda kliniki. Sasa wamefika, na mbele yao kuna ukuta, geti, na mlinzi aliyekaza uso.

"Wanaingia wageni wa kampuni tu," alisema mlinzi. "Kampuni ina leseni ya kuendesha ufukwe huu."

"Kuendesha, si kuumeza! Leseni ni ya kusafisha, kuweka waokoaji na kukodisha viti. Mchanga ni wa watu wote. Njia ya kwenda majini ilipaswa kuachwa wazi."

"Dada yangu, mimi nimewekwa tu hapa."

"Basi mwite aliyekuweka."

"Usimwite!" baba alidakia. Jasho lilimtiririka. "Twende zetu, tafadhali. Naona haya."

Neno hilo lilimchoma binti. Mtu aliyeitumikia halmashauri ya mji mpaka mvi zikamjaa, leo aone haya kwa sababu ya mguu uliomgomea! Watu walianza kujaa nyuma yao: mama na mapacha wake, wasichana waliobeba taulo, muuza magazeti.

"Mpisheni mgonjwa!" mmoja alipaza sauti.

Binti akapata nguvu. "Wa kuona haya ni hawa, baba. Hawa, na huyo aliyewapa leseni, kisha akafumba macho wakajenga ukuta. Nikimtia machoni huyo, namtemea mate."

Mzee aliinamisha kichwa.

Meneja akaja mbiombio, amekunja ndita. Akamtazama binti, akatazama kiti, kisha akainama kumchungulia mgonjwa. Uso ukamchanua.

"Mzee wetu! Mbona hukusema ni wewe?" Akamgeukia mlinzi. "Fungua geti lote! Bila mzee huyu leseni tungeisikia kwa majirani."

Akampa binti mkono, anatabasamu.

"Na wewe bila shaka ndiye mwanawe. Haya niambie, ile nyumba tuliyowajengea mmeizoea?"