Tonge la Mgeni

Msafiri alipofungua kilemba kilichomfunika uso ili ale, mwenyeji wake, Mutlak, aliitambua sura ile. Ndiye aliyemuua ndugu yake kisimani.

Nyama ya mbuzi ilikuwa imeshafukuliwa kwenye shimo la makaa mchangani, mafuta yakichuruzika juu ya wali. Mgeni alifinyanga tonge, akalipeleka mdomoni.

Mutlak akamdaka mkono. Mafuta ya moto yakawachuruzikia wote wawili.

“Vipi, bwana mwenye hema?” mgeni aliuliza akicheka. “Chakula chako ni cha kutazama tu?”

“Ukimeza tonge hilo umekuwa mgeni wangu, na mgeni wangu siwezi kumgusa. Ndugu yangu naye alikukaribisha maji.”

Mgeni akaacha kucheka.

“Nina njaa, ndugu yangu,” alinong'ona.

“Najua,” alisema Mutlak, akamkunjua vidole kimoja kimoja, mpaka wali wote ukaanguka mchangani.