Majalada Matupu

Binti yangu aliviomba vitabu vya marehemu mama yake kwa wiki moja tu. "Naviazima, Baba. Nitavirudisha kama vilivyo." Mtoto wa kumzaa mwenyewe, utamkatalia nini?

Leo karudi na kishikwambi mkono mmoja, mfuko mkono wa pili.

"Vyote vimo humu," akasema, akinipa kile kishikwambi. "Herufi unazikuza upendavyo. Macho hayatakusumbua tena."

Nikachungulia mfukoni. Yalikuwemo majalada matupu. Kujalidi vitabu ndiyo kazi iliyomlea, na yale yote niliyashona mimi. Nikapitisha kidole kwenye mgongo wa moja. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa kisu kikali.

"Mashine ya kuskani inataka karatasi mojamoja," akasema. "Majalada nimekuwekea. Najua ni kazi ya mikono yako."

"Na karatasi?"

"Zimeshasagwa, Baba. Zilikuwa zimechoka."

Nikakitafuta kwenye kishikwambi kile kitabu alichokuwa nacho mama yake hospitalini, sauti ilipomkauka kabisa. Kila alichotaka kuniambia alikiandika kwa penseli, pembeni mwa kurasa zake.

Nikaupata ukurasa wa mwisho alioniandikia. Nikaukuza. Nikaukuza tena, hadi herufi moja ikajaa kioo kizima. Pembeni palikuwa peupe pe.

"Umeona palivyotakata?" binti yangu akasema, ameniinamia begani. "Mashine yenyewe inafuta uchafu wote."