Kuachia Usukani

Sikitu alikuwa ameshazikagua breki zake, lakini aliinama akazikagua tena. Jumamosi iliyopita, mara yake ya kwanza kuendesha baiskeli ya mbio na kundi, aliona shimo akalikwepa kimya. Wa mbele anatakiwa anyooshe mkono chini kuonyesha shimo, kwa sababu wa nyuma haoni kitu ila tairi la mwenzake. Yeye aliogopa kuachia usukani. Makoye, aliyemfuata, akaingia shimoni na kuangukia kiwiko.

Leo Makoye alikuja na bandeji, akajipanga nyuma yake tena.

"Kaka, kaa nyuma ya mwingine," Sikitu alimwambia.

"Kwa nini? Kiwiko kimoja bado kizima."

Wenzao wakacheka.

"Sitanii. Nitakuumiza tena."

"Basi nionyeshe mashimo, dada. Nikikukimbia mimi, nani atakaa hapa?"

Walishuka mteremko wa kiwandani kwa kasi. Vidole vya Sikitu vilibana usukani mpaka vikafa ganzi. Akaliona shimo katikati ya njia. Alitaka kuachia, vidole vikagoma. Akajaribu tena. Mkono wa kulia ukatoka, baiskeli ikayumba kama mlevi, akaonyesha chini. Nyuma yake alisikia tairi la Makoye likihamia pembeni, kokoto zikiruka, kisha mnyororo ukaendelea kulia kama kawaida.

Sasa Sikitu hakuweza kuurudisha mkono; aliogopa baiskeli ingeyumba tena. Ulibaki nje ukipigwa na upepo, na mteremko ulikuwa bado mrefu.