Fizi za Bwana Mbaruku

Siku hizo milango ya Tanga ilimtambua mtu kwa fizi. Kila asubuhi mtu alisukutua maji ya manjano na mwarobaini, akaukenulia mlango, nao ukafunguka iwapo fizi zimepona. Fizi za Bwana Mbaruku, fundi cherehani, zilivuja damu, lakini dawa ile chungu hakuiweza. Mwezi mzima akawa anampa beberu wake, anamfunua midomo mbele ya mlango, kisha wanapita wote wawili.

Ijumaa moja beberu alitangulia kurudi nyumbani. Mbaruku alipofika akakenua. Mlango haukufunguka.

"Zuwena, nifungulie!" alimwita mkewe.

"Mlango unasema haukutambui," Zuwena alijibu kutoka ndani, akicheka mpaka akakohoa. "Eti Bwana Mbaruku yumo humu, fizi safi kabisa."

"Huyo ni mbuzi!"

"Nimeuambia. Mlango umeniuliza mbona namkana mume wangu."

Mbaruku naye akacheka. Kisha akasikia mlango ukisema kwa upole, "Bi Zuwena, Bwana anasubiri chakula chake."

Kicheko cha Zuwena kikakatika.

"Haya," alisema taratibu, "namletea."