Kondoo Dume na Harufu ya Mkewe

Kondoo Jike alimlamba mumewe vumbi usoni, kama kila alasiri, kisha akajifungua na kufa.

Kondoo Dume akampeleka mtoto kwa jirani yao Mbuzi, mwenye maziwa tele na mdomo usiopoa. Mbuzi akamnusa mtoto, akamsukuma kwa pembe.

"Shemeji, huyu ana harufu ya mamaye. Mgaragaze kwenye matandiko yangu anuke kama wanangu, nami nitamnyonyesha."

"Harufu hiyo ndiyo pekee niliyobakiwa nayo."

"Basi na imnyonyeshe!"

Dume akarudi zizini, akalala pua ikiwa imezama katika manyoya ya mtoto. Mtoto alilia njaa hadi sauti ikafifia.

Asubuhi Dume alimnusa mara moja tu. Kisha akamgaragaza mwenyewe kwenye matandiko ya Mbuzi, mgongo na tumbo, mpaka pua yake ikashindwa kumtambua.